Majani ya Mawe

Mama yangu alikuwa akiosha vidonda vya watu. Hakuwa mganga, na mtu akimwita hivyo alikasirika, kwa sababu kwake mganga alikuwa mtu wa hirizi na kupiga ramli, naye alikuwa mwanamke wa swala tano. Lakini nyumbani kwetu Chechelesi, Isiolo, asubuhi kabla jua halijawa kali, mara nyingi ungemkuta mtu ameketi nyuma ya nyumba, mguu wake juu ya debe lililopinduliwa. Mchungaji aliyechomwa na mwiba wa mgunga. Mwanamke aliyemwagikiwa na chai ya moto. Mwanamume mmoja aliyeumwa mkono na ngamia, akawa anaona haya kusema ni ngamia wake mwenyewe. Mama alichemsha majani, akaacha maji yapoe mpaka kiwiko chake kiweze kuyavumilia, kisha akaosha polepole, akizungumza na mgonjwa juu ya mambo mengine kabisa: mvua, bei ya mbuzi, nani ameoa.

Majani yenyewe yalitoka kwao, upande wa Gotu. Yaliota katika nyufa za majabali meusi, pale ambapo hata nyasi zilikataa kuota. Wakati wa kiangazi yalijikunja kama ngumi ndogo za kahawia, ungeapa kwamba yamekufa tangu mwaka uliopita. Mvua ikinyesha yalifunguka yakawa kijani, kila jani kama kipepeo kidogo cha kupepea jiko. Kwa Kiborana yalikuwa na jina lake, ila akizungumza Kiswahili mama alisema tu "majani ya mawe." Ni baadaye sana nilipoambiwa kwamba ni jamii ya kangaga, ndugu wa yale makubwa yanayoota kwenye baridi na ukungu kule milima ya Meru.

Baba yangu, ambaye sote tulimwita Aabo kama Wasomali wanavyoita, alikuwa mtoto wa askari. Babu alipigana vita vya Wazungu, na vilipokwisha akaletwa Isiolo akaambiwa akae, akakaa. Aabo hakupenda mambo ya bunduki. Alinunua lori kuukuu akawa anapeleka sukari na unga Garbatulla, na kurudi na mbuzi. Barabara ile ilikuwa imejaa mawe na makorongo. Alirudi nyumbani akiwa mweupe kwa vumbi mpaka kope, na kitu cha kwanza alichotaka kilikuwa chai yenye sukari nyingi. Nasema sukari nyingi kwa sababu ndiyo iliyokuja kumletea shida.

Mimi nilisomea kazi ya maabara Nairobi, na mwishoni mwa miaka ya sabini nikarudishwa kwetu kufanya kazi hospitalini. Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye darubini, friji ya mafuta ya taa, na kabati dogo la joto ambamo tuliotesha vijidudu tulipopata vifaa. Asubuhi nilipita nyuma ya nyumba nikamkuta mama anaosha kidonda, nikasalimu, nikaenda zangu kuchunguza damu na makohozi. Sikuyadharau majani yake, wala sikuyaamini. Yalikuwa mambo ya nyumbani, kama vile jinsi anavyochachusha maziwa ndani ya kibuyu. Hakuna anayeuliza maswali juu ya mambo ya nyumbani.

Aliyekuja kuuliza alikuwa mgeni. Miaka ya themanini ilikuwa ndiyo imeanza, na siku moja Landrover ilisimama mbele ya hospitali, akashuka mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, mtu wa upande wa Ziwa, akiendesha mwenyewe. Alikuwa akifundisha chuo kikuu Nairobi na alikuwa akikusanya mimea ya nchi kavu ili kuona kama ina dawa ndani yake. Alihitaji pembe ya maabara na kabati la joto. Daktari wetu mkuu alimwonyesha mlango wangu. Sisi sote tulikuja kumwita Mwalimu.

"Mimea inayoishi mahali pagumu hutengeneza vitu vya ajabu," aliniambia siku ile ya kwanza, akipangusa miwani yake kwa pindo la blauzi. "Haiwezi kukimbia. Kwa hiyo inajilinda kwa sumu. Na dawa nyingi ni sumu iliyopimwa vizuri."

Nikamwambia juu ya majani ya mama. Nilisema kama mtu anayesimulia kichekesho cha nyumbani, lakini hakucheka. Aliniuliza kama mama angekubali kumpeleka mahali yanapoota.

Mama alikubali, kwa sharti kwamba hatutang'oa mizizi. Tukaenda Gotu sisi watatu, mama akiwa mbele ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Mvua zilikuwa zimenyesha na majani yalikuwa yamefunguka katika kila ufa. Mama alikata kwa kisu kidogo, akiacha shina, na Mwalimu alimfuata akiuliza maswali. Yanachunwa wakati gani? Yanachemshwa kwa muda gani? Yanatumiwa mabichi au makavu? Mama alijibu yote, na nikaona anafurahi, ingawa alijifanya ameshughulika na kisu. Kisha Mwalimu akauliza lile ambalo sikuwahi kusikia mtu akimuuliza.

"Mama, kuna watu uliowaosha ambao hawakupona?"

Mama aliacha kukata.

"Wapo," akasema. "Kuponya ni kwa Mungu. Mimi naosha tu."

"Wale wasiopona walikuwa na nini?"

"Sijui. Wengine wazee. Wengine kidonda kilikuwa kimenuka kabla hawajakuja." Akafikiri tena. "Nawakumbuka hao kuliko wale waliopona."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Wakati huo nililiona swali lake kuwa la ukali, kumuuliza hivyo mwanamke aliyekubali kumsaidia. Leo naona lilikuwa la heshima. Alimuuliza vile ambavyo angemuuliza mtu wa kazi moja na yeye.

Tulikausha majani kivulini, juu ya magunia. Yalipokuwa tayari kutwangwa tuligundua kwamba Mwalimu hakuleta kinu. Nikaazima cha mama. Alikileta mwenyewe hospitalini, akakiweka sakafuni, akasema, "Mkitia humo vitu vyenu vya chupa, msinirudishie. Ninunulieni kingine." Basi tukatwanga majani peke yake, na kazi ya chupa ikafuata baadaye. Sehemu ya unga tuliichemsha kwa maji kama alivyofanya mama. Sehemu tuliloweka kwenye maji baridi. Sehemu ya tatu tuliitia kwenye spiriti kali, tukaiacha, tukaichuja kwa kitambaa, kisha tukaikausha juu ya mvuke mpaka ikabaki kitu cheusi chenye kunata vidoleni kama utomvu, chenye harufu ya nyasi zilizolowa na ya rangi ya viatu. Tukaweka yote ndani ya friji, kila moja kwenye chupa yake ndogo.

Chakula cha vijidudu tulikipika wenyewe. Kilikuwa kama jeli, na ndani yake tulichanganya damu ya kondoo niliyokuwa nikiletewa kutoka kichinjioni. Nilipomweleza Aabo alishika kichwa.

"Yaani unawapikia wadudu damu ya kondoo? Na sisi huku tunakula maharagwe?"

"Nikiwashibisha, Aabo, wanazaa, nami nawaona."

"Subhanallah. Nilikulipia karo ili uwe mpishi wa wadudu."

Alikuwa mcheshi namna hiyo. Nataka ikumbukwe, kwa sababu yanayofuata yanaweza kumwonyesha kama mgonjwa tu.

Siku aliyorudi kutoka Garbatulla mara hiyo, ni mama aliyeona alama za damu kizingitini. Alizifuata mpaka mkekani, alipokuwa Aabo ameketi akinywa chai. Akamwinua mguu. Msumari ulikuwa umepenya akala zake za tairi na kuingia kwenye unyayo, na ulikuwa humo bado. Alikuwa ametembea nao, ameendesha lori nao, akikanyaga klachi. Hakuhisi chochote.

Mama alianza kuosha palepale. Mimi nilichohofia hakikuwa msumari, bali kule kutohisi. Kesho yake nilipima mkojo wake na kupata nilichokihofia: ulikuwa umejaa sukari, na ugonjwa wa kisukari huua hisia za miguu. Daktari akampa vidonge, akamkataza chai yake tamu, akaagiza achomwe sindano za penisilini. Aabo alikubali sindano na kukataa kulazwa. Kwa hiyo asubuhi alikuja hospitalini kuchomwa, na asubuhi na jioni mama alimwosha kwa majani ya mawe.

Mwanzoni kidonda kilionekana safi. Mama alinionyesha, akasema, "Unaona?" Nami kweli niliona. Lakini baada ya muda kingo zake zilianza kuwa na rangi ya kijivu, na mguu ukavimba. Mwalimu aliposikia, aliniambia nichukue usaha kwa pamba safi nioteshe. Vijidudu vilivyokuwa ndani ya mguu wa baba yangu vikamea juu ya damu ya kondoo, vikajaa kisahani chote cha kioo.

Tulifanya jaribio juu ya hivyo. Lilikuwa jambo rahisi kulieleza. Tulikata viduara vya karatasi ya kuchujia kwa kile chombo cha ofisini cha kutobolea karatasi, kila kiduara tukakilowesha dawa moja, tukakiacha kikauke, kisha tukavipanga juu ya kisahani kilichopakwa vijidudu. Dawa ikiwa na nguvu, vijidudu havioti karibu nayo, na unaona mviringo mtupu ukizunguka karatasi. Isipokuwa na nguvu, vinaota mpaka vinaigusa. Tuliweka kiduara cha maji ya kuchemsha ya mama, cha maji baridi, cha ule utomvu wa spiriti, na cha penisilini. Pia tuliweka kimoja kilicholoweshwa spiriti tupu, ili tusije tukaisifu kangaga kwa kazi ya spiriti.

Asubuhi tulifungua kabati pamoja. Penisilini: vijidudu vimeota mpaka kwenye karatasi, kana kwamba haipo. Spiriti tupu: vivyo hivyo. Maji baridi: hivyo hivyo. Maji ya kuchemsha ya mama yangu: vimeota, vimenona, vimepanda hata juu ya ukingo wa karatasi. Na kuzunguka kile kiduara cha utomvu mweusi palikuwa na mviringo mpana, msafi, mwekundu wa damu.

Tulirudia kwenye visahani vingine. Majibu hayakubadilika.

Sikumficha mama. Aliuliza, nami nikamleta hospitalini aone kwa macho yake. Alijifunga mtandio vizuri kama mtu anayekwenda barazani. Mwalimu alimpa kiti akasimama yeye mwenyewe. Nikaweka kisahani mbele ya mama nikamweleza maana ya ule mviringo.

"Na ya kwangu ni gani?" akauliza.

Nikamwonyesha.

Aliinamia kisahani mpaka pua ikakaribia kifuniko. "Hapa hakuna mviringo."

"Hakuna, mama."

"Kwa hiyo ni maji."

Mwalimu ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, "Ni maji safi yaliyochemshwa, mama, na mikono safi, na kitambaa kipya kila mara. Vidonda vingi havihitaji zaidi ya hapo. Watu wako walipona kweli. Hiki kisahani hakisemi hawakupona."

"Lakini kinasema si majani."

"Kinasema si majani kwa namna unavyoyachemsha. Na juu ya vijidudu hivi."

Mama alisimama, akakung'uta nguo yake. "Basi mpeni mzee hiyo yenye mviringo," akasema, akatoka.

Sentensi hiyo ilikaa nyumbani kwetu kama mgeni asiyetaka kuondoka. Jioni ile Aabo alikuwa ameshaambiwa. Mguu ulikuwa juu ya mto, umevimba, vidole viwili vya mwisho vimeanza kubadilika rangi. Daktari alikuwa ameagiza dawa nyingine kutoka Nairobi na ilikuwa bado haijafika, na siku hiyo alikuwa ametamka kwa mara ya kwanza neno kukata.

"Ati una dawa inayoua wadudu wangu," Aabo akaniambia. "Iko kwenye friji."

"Inawaua kwenye kisahani, Aabo."

"Si ndio hao hao? Si uliwatoa kwenye mguu huu?"

"Ndio hao."

"Basi tatizo ni nini? Ile sindano ya hospitali imeshindwa. Ile ya mama yako imeshindwa. Ile yako imeshinda, na wewe unaificha. Mimi ni baba yako ama mimi ni nani?"

Mama alikuwa mlangoni. Hakunitetea.

Nilimwendea Mwalimu kwenye nyumba ya wageni alikokuwa akikaa. Nilimkuta anafungasha sampuli za kupeleka Nairobi, na nilimwomba huku nikijua atanijibu nini.

"Mafuta ya taa pia yanaua vijidudu," akasema. "Ungemmiminia mafuta ya taa kidondani? Hatujui ule utomvu unafanya nini kwenye nyama iliyo hai. Lazima uanze kwa sungura, na sungura wako Nairobi."

"Itachukua muda gani?"

"Mrefu kuliko alio nao mzee." Aliacha kamba aliyokuwa akifunga. "Najua. Kama angekuwa baba yangu ningekuja kuomba vilevile. Na ningetaka mtu aniambie hapana."

Nilirudi maabara kwa sababu sikutaka kwenda nyumbani. Nikafungua friji, nikaitazama ile chupa. Nilifikiri juu ya ule mviringo mwekundu. Nilifikiri pia kwamba neno la Mwalimu lilikuwa la kweli, lakini lilikuwa neno, na Aabo hakuwa mtu wa kushindwa na maneno. Nikachukua sindano safi nikakwaruza ngozi ya mkono wangu wa kushoto, ndani, chini ya kiwiko, mpaka ikatoa umajimaji. Nikapaka utomvu kwa kijiti. Kisha nikakwaruza mahali pengine pembeni, nikapaka mafuta ya kawaida, ili niweze kulinganisha. Nikafunga bandeji nikaenda nyumbani kulala.

Mwanzo ilikuwa joto tu, kama pilipili. Alfajiri iliponikuta nilikuwa nimeketi kitandani nimeukumbatia mkono. Nilipofungua bandeji, ule mkwaruzo wa mafuta ulikuwa mstari mwembamba uliokwisha kukauka. Ule mwingine ulikuwa umekuwa kidonda cha ukubwa wa kifuniko cha soda, ngozi imeinuka kwa malengelenge, na katikati nyama imekuwa nyeupe, imekufa. Utomvu uliua vijidudu na kila kitu kingine ulichogusa.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Aabo. Alikuwa amemaliza kuswali akiwa ameketi, kwa sababu kusimama kulikuwa kumemshinda. Nikapiga magoti mbele yake nikamnyooshea mkono.

"Hii ndiyo dawa ya friji," nikasema. "Nimeipaka jana."

Aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, ile mikubwa yenye grisi isiyotoka kwenye mistari ya viganja. Alitazama kidonda kwa muda mrefu sana.

"Kwa nini umefanya hivi?"

"Ungenisadiki bila kuona?"

Alimwita mama. Mama alikuja akaona, akaondoka. Nilidhani amekasirika. Kumbe alikwenda kuchemsha maji.

"Waambie hao wa kisu waje," Aabo akasema. "Lakini wasikate zaidi ya kilichooza. Wewe ukae hapo uwaangalie."

Alikatwa vile vidole viwili na kipande cha unyayo. Nilisimama chumbani kama alivyotaka, nikitazama mashine na mikono ya watu, nisitazame mguu. Dawa kutoka Nairobi ilifika ikiwa mguu umeshafungwa, akaanza kuitumia, na polepole uvimbe ukashuka. Nyama nyekundu, njema, ikaanza kuota mahali pa ile ya kijivu. Hatuwezi kujua ni kipi kati ya kisu, dawa, lishe bila sukari na maji ya mama kilichofanya kazi kubwa zaidi. Hapakuwa na Aabo wa pili wa kulinganisha naye.

Mwalimu, alipoona mkono wangu, alinigombeza kuliko nilivyowahi kugombezwa tangu utotoni. "Mwili wako si kisahani!" alisema. "Kama ingeingia kwenye damu? Ungelala na usiamke, na mimi ningewaambia nini wazazi wako?" Akavua miwani, akaipangusa. Kisha, kwa sababu alikuwa alivyokuwa, akaomba kuona tena, akauliza ilianza kuuma saa ngapi na malengelenge yalitokea lini. Nilimjibu yote. Aliondoka Isiolo na chupa zote, na baadaye alinipigia simu hospitalini kuniambia kwamba sungura walikuwa wamethibitisha. Waliendelea kule kujaribu kutenganisha kilichomo ndani ya ule utomvu, wakitumaini kwamba kinachoua vijidudu na kinachoua nyama ni vitu viwili tofauti. Mwishowe walikuta ni kitu kimoja. Hapakutoka dawa.

Watu wakinisikia nikisimulia wanasema pole, kana kwamba jambo liliharibika. Silioni hivyo. Mwalimu alikuja na swali akaondoka na jibu, na jibu lilikuwa hapana. Wengi wa wale tuliosoma nao walitumia maisha yao yote ya kazi wakikusanya majibu ya hapana, na kila moja lilizuia mtu mahali fulani asipakwe kitu ambacho kingemla.

Kilichonichukua muda mrefu zaidi kukielewa ni mama. Baada ya ile siku ya kisahani alikaa kimya na mimi, kimya cha adabu, akinipa chakula changu na kujibu salamu zangu. Alinifunga mkono kila siku mpaka ukapona, na hata hapo alizungumza nami juu ya bei ya mbuzi kama anavyozungumza na wagonjwa wengine. Watu waliendelea kuja asubuhi. Aliendelea kuchemsha majani. Siku moja, Aabo akiwa ameshaanza kutembea na fimbo, nilijipa moyo nikamuuliza.

"Mama, ulisema ni maji. Mbona bado unatia majani?"

Alikuwa akikamua kitambaa. Hakuinua kichwa.

"Mtu akitembea kutoka Ngare Mara na mguu mbovu, nikamwambia nitakuosha kwa maji tu, atasema nini? Atasema maji ninayo kwangu. Ataondoka, na kwake hatachemsha. Akiona majani anakaa. Kesho anarudi. Keshokutwa anarudi." Akaanika kitambaa. "Wewe una kioo chako. Mimi nina majani."

"Si kumdanganya?"

"Simwambii majani yanaponya. Sikuwahi kumwambia mtu hivyo. Ulinisikia hata siku moja?"

Nilikumbuka, na ilikuwa kweli. Alisema kila mara kwamba anaosha. Sisi wengine ndio tuliosema majani yanaponya, nami nikayapeleka maabara kwa madai ambayo mama hakuwahi kuyatoa. Nimeligeuza jibu lake mara nyingi tangu hapo na bado sijui kama ninalikubali lote. Kuna siku naona alikuwa na haki. Kuna siku nakumbuka wale aliosema walikuja kidonda kimenuka, nikajiuliza kama wangewahi hospitali mapema lau majani yasingekuwapo. Nilimwambia hilo pia, kwa upole niwezavyo. Alinisikiliza. Tukapatana kwamba mtu yeyote mwenye kidonda cha mguu kisichouma atamleta kwangu kwanza nimpime mkojo. Neno lake lilikuwa neno. Aliwaleta mwenyewe, akiwashika mkono mpaka mlangoni, na wengine walikuja kwa sababu yeye ndiye aliyewashika.

Aabo hakurudi kwenye barabara ya Garbatulla. Mguu usiohisi haufai kukanyaga breki, na mwenyewe alilisema hilo kabla yetu. Alimkodishia binamu yake lori, akafungua duka la vipuri karibu na stendi: mikanda, nati, grisi, vioo vya pembeni. Madereva walijaa pale mchana kutwa, wengi wao wanaume wa rika lake, wenye vitambi, wenye kupenda chai kama alivyoipenda. Na yeye, ambaye alikuwa amekataa hata kulazwa, akawa na tabia iliyowashangaza wateja. Mtu akija kuuliza mkanda wa feni, Aabo angemsalimia, angemuuliza habari za nyumbani, na kabla ya kuushusha rafuni angemwambia:

"Vua kiatu."

"Nini, mzee?"

"Vua kiatu nione mguu wako. Nitakuuliza mkanda wa saizi gani baadaye."

Wengine walicheka, wengine walikasirika, ila wote walivua, kwa sababu alikuwa mzee na kwa sababu aliwaonyesha wa kwake kwanza. Aliwageuza nyayo kwenye mwanga wa mlango, akabonyeza kwa kalamu, akauliza, "Unasikia? Na hapa?" Asiyesikia alimwandikia kwenye kipande cha karatasi ya kufungia nati njia ya kuja maabara, ingawa kila mtu mjini aliijua njia hiyo, akamwambia nenda sasa, mkanda utaukuta hapa ukirudi.